Sentensi Moja kwa Baba Yetu, Enos Musser

Baba,

Mwaka umetimia tangu alasiri ile ya Juni ulipotuacha, majani ya shamba la chini yakiwa yamekatwa na kulala mistari mistari, yakingoja kugeuzwa yakauke kwa ajili ya ng'ombe. Mama alisema hata kufa umechagua wiki ya majani. Tulicheka, tukalia, kisha Nevin akavaa kofia akaenda kuyageuza, maana wingu lilikuwa limeshatanda upande wa mto na tulijua usingependa yalowe kwa ajili yako.

Tunakuandikia katika gazeti hili dogo la kanisa, ambalo siku zote ulianza kulisoma kwa ukurasa wa mwisho, kwenye matangazo ya wafu, ukisema unataka kuhakikisha jina lako halimo. Mimi Erma ndiye niliyeshika kalamu. Lois na Nevin wanadai mwandiko wangu ndio unaosomeka, lakini najua wamenisukumia kazi tu. Mama ameketi mbele yangu hapa mezani anapukuchua njegere, akinisikiliza ninavyoandika nikisoma kwa sauti, na kila nikinyamaza ananitupia jicho.

Ulikuwa mtu wa ng'ombe. Uliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, ukafumba macho, na maziwa yakashuka yenyewe. Ukiugua na kutuachia sisi kukamua, walikuwa wanageuka kututazama kama wageni waliokosea nyumba. Kuimba ulikuwa huwezi. Kanisani kwetu hapa Pennsylvania tunaimba bila kinanda, kwa sauti nne, na wewe ulikuwa na ya tano peke yako, na hakuna aliyethubutu kukuambia. Mkate, uji, mayai, vyote ulivimwagia molasi. Lango la jirani likilegea bawaba ulilitengeneza ukiwa njiani, bila kubisha hodi, na mara mbili ulikimbizwa na mbwa kwa wema huo.

Mtu akifiwa ulikwenda, na ukifika hukusema kitu. Ulitafuta kazi iliyolala, ukapasua kuni au ukawajazia kuku maji, ukarudi nyumbani. Mjane wa Titus Brubaker alituambia kwenye maziko yako kwamba wiki ile alipompoteza mumewe alisikia shoka nje siku tatu mfululizo, na hakutoka kutazama kwa sababu alijua ni nani.

Lakini kukusifu ukiwa hai hatukuweza, na wewe hukutusifu. Kwetu sisi Wamenonite kiburi hutajwa kabla ya wizi. Lois alipokuwa wa kwanza darasani alikuja mbio na karatasi yake mkononi. Uliisoma yote, mbele na nyuma, ukamrudishia.

"Vizuri," ukasema. "Kuni za jikoni zimekwisha."

Lois mpaka leo anasema alizipasua kuni zile kwa furaha, kwa sababu ulitamka neno "vizuri", na hakuwa amelisikia tangu azaliwe.

Ulikuwa na jambo ambalo hatukulielewa. Mtu akiandika barua kwa niaba ya mwenzake, hata kama ni Bibi anaagiza vifuniko vya chupa za matunda, hukukubali bahasha ifungwe mpaka mwandishi aisome kwa sauti mbele ya mwenye maneno.

"Soma kwanza," ulisema.

"Baba, ni vifuniko dazani mbili tu."

"Soma kwanza."

Tulikuwa tunakuiga ukitoka, Nevin akiwa hodari kuliko wote kwa kukunja uso na kushika mkanda wa suruali. Utusamehe. Tulikuwa wadogo.

Na lilikuwapo jambo jingine, hilo lilituumiza. Kila masika na kila vuli, kabla ya Meza ya Bwana, kanisa letu huwa na mkutano wa maridhiano. Kila mshiriki husimama kwa zamu yake na kusema kwamba ana amani na Mungu na watu wote, na kwamba anatamani kushiriki. Asiyeweza kusema hivyo hashiriki. Zamu yako ikifika ulisimama, ukasema, "Mimi bado," ukaketi. Jumapili iliyofuata wenzako walimega mkate na kuoshana miguu, na wewe ulikuwa kwenye benchi la nyuma pamoja nasi watoto, kofia magotini. Mtoto mmoja shuleni aliniuliza baba yangu kaua nani. Nilimpiga kwa mfuko wa vitabu, na sijawahi kulisema hilo hadi leo, kwa hiyo Mama amelisikia sasa hivi.

Askofu Landis Groff alikuja nyumbani kukuhoji. Sisi watatu tulikuwa tumejibanza kwenye ngazi, tukisikiliza.

"Enos, una ugomvi na mtu hapa?"

"Hapa hapana, mzee."

"Basi wapi?"

"Wisconsin."

"Wisconsin ni mbali."

"Ni mbali," ukamjibu. "Ndiyo maana naenda kila mwaka."

Na kweli ulikwenda kila mwaka. Mwezi wa Juni, tukimaliza tu kuingiza majani yetu ya kwanza ghalani, ulipanda basi na sanduku lako dogo, ukatoweka wiki mbili kwenda kukata majani ya watu wengine. Mama alikuwa anawaambia majirani kwamba mumewe ana mke wa pili huko, jina lake Majani, na kwamba anamfahamu na hana wivu. Alikuwa anatania, lakini yeye alijua ulikokwenda. Ulimwambia kabla hamjaoana, kusudi akatae mapema kama anataka kukataa.

Sisi watoto ulitusimulia siku moja tu, masika ya mwaka 1961, tukiwa mezani, na hukurudia tena. Tunaisimulia hapa kama tulivyoisikia, kwa sababu wengi waliokaa nawe benchi moja hawakuijua, na kwa sababu bila hiyo hawatatuelewa tutakapofika mwisho.

Mwaka 1943 ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Vita vilikuwa vimepamba moto na vijana wa rika lako walikuwa wanaitwa jeshini. Mbele ya wakubwa wa uandikishaji ulisema hutashika bunduki. Walipokutaka uape, ukakataa na kuapa pia, ukasema ndiyo yako ni ndiyo. Walikupeleka kwanza kambini, pamoja na wenzako waliokataa vita kwa ajili ya dhamiri, mkachimba mitaro na kupanda miti. Halafu mashamba ya maziwa yakaishiwa watu, na serikali ikaanza kuwagawa ninyi kwa wakulima. Vuli hiyo ukashushwa kwenye kituo kidogo cha treni huko Wisconsin, kwa mzee mmoja mwenye asili ya Norwei aliyeitwa Halvor Brekkestad.

Mzee Halvor alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, Arvid, alikuwa vitani Italia. Arvid alipokwisha kuondoka, mashine ya kukatakata mahindi ya mifugo ilimnyofoa baba yake vidole vinne vya mkono wa kuume. Ng'ombe walikuwa ishirini na sita. Ndiyo sababu alikubali kuletewa mtu kama wewe, maana mwingine hakuwapo.

"Unajua kukamua?" alikuuliza pale kituoni, kabla ya salamu.

"Najua, mzee."

"Na kupigana hujui."

"Kupigana sitaki."

Alikutazama kuanzia kofia hadi viatu. "Haya. Ng'ombe hawatakuuliza. Panda gari."

Watu wa kijiji kile walikuwa na wana wao vitani, na hawakupenda kukuona ukizunguka mzima na mikono yako miwili. Duka la chakula cha mifugo lilikuuzia mlangoni, hukuruhusiwa kuingia. Asubuhi moja ulikuta madumu ya maziwa yaliyokuwa yakingoja lori barabarani yamepakwa rangi ya njano, ambayo kwa watu wale ni rangi ya waoga. Uliyasugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka. Yakapakwa tena. Mara ya tatu mzee Halvor alitoka akakukuta umepiga magoti.

"Nani kafanya hivi?"

"Sikumwona."

"Na ungemwona?"

"Ningemwomba anisaidie kusugua."

Mzee akakohoa. Ulituambia ilikuchukua miezi kutambua kwamba kikohozi kile ndicho kilikuwa kicheko chake. Asubuhi iliyofuata alibeba kiti cha jikoni, akakiweka barabarani kando ya madumu, akaketi na kikombe cha kahawa mpaka lori likaja. Alifanya hivyo wiki nzima. Jirani yake Sigvald alipopita na trekta akapunguza mwendo.

"Halvor, umejiletea mfyata mkia, na sasa unamlinda?"

"Nalinda madumu," mzee akasema. "Huyo mfyata mkia anamaliza ng'ombe ishirini na sita kabla wewe hujaziona soksi zako."

Rangi haikuonekana tena. Ulikuwa unalala juu ya chumba cha maziwa, na Desemba maji ya ndoo yako yalipoganda mpaka chini, mzee alikuambia, akiwa amekupa mgongo, kwamba chumba cha Arvid kina jiko na kwamba usiguse vitu vyake. Hukuvigusa. Ulituambia kulikuwa na viatu vya kutelezea kwenye barafu vimetundikwa msumarini, na kila asubuhi uliinama kuvipita ili bega lako lisiviguse.

Ni katika nyumba hiyo ulipoanza kuandika barua. Mzee hakuweza kushika kalamu kwa mkono uliobaki gumba tu, na wa kushoto haukujua kuandika. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alisimama dirishani akatazama zizi, akasema maneno yake polepole, na wewe mezani ukayaandika. Yalikuwa habari za ng'ombe, habari za theluji, nani kanunua farasi na nani kajuta kumnunua. Mwisho uliweka kalamu katika mkono wake wa kushoto naye akachora herufi H iliyopinda. Arvid alijibu kila alipopata nafasi. Katika barua moja aliuliza, "Huyo anayeniandikia ana mwandiko mzuri. Ni mwalimu?" Mzee akakuamuru ujibu: "Ni mkamuaji."

Mwezi wa Aprili 1944 Arvid aliandika kwamba amepandishwa cheo kuwa sajini, kwamba kikosi chake kimeteka kilima baada ya siku nne, na kwamba hana hakika kama baba yake atamtambua akirudi. Mzee aliisoma barua hiyo mara tatu, akaikunja, akasimama dirishani.

Mlianza kama kawaida. Ng'ombe Dagny amezaa pacha, wote majike. Barafu ya kijito imekatika. Kisha sauti ya mzee ikawa siyo ile ya habari za ng'ombe.

"Andika: Najivunia wewe, mwanangu, na kazi unayoifanya huko."

Kalamu yako ikasimama. Ulituambia kwamba ulijua kabisa la kufanya. Ulipaswa kuiweka chini na kusema, mzee, hii siwezi, muite jirani akuandikie. Lakini alikuwa amekupa mgongo, mabega yake yanatikisika, ukaona haya kumgeuza. Kazi ya huko ilikuwa kuua watu. Ukajiambia kwamba mkono uliokataa bunduki hautaibariki kwa wino. Na neno lenyewe la kujivunia, ambalo nyumbani kwenu halikutamkwa hata kwa ndama mzuri, lilikukwama. Ukaandika: "Tunakuombea kila siku."

Ukamuuliza kama anataka asomewe.

"Ya nini?" mzee akasema. "Watu wako hawadanganyi. Funga."

Ukafunga.

Ulikusudia kumwambia kesho yake. Kesho yake ng'ombe mmoja alivimba kiwele, na keshokutwa mlikuwa mnapanda shayiri, na Jumapili ilipokuja mzee alikuwa na furaha, hukutaka kuivuruga. Ulituhesabia visingizio vyako kimoja kimoja pale mezani, hukujihurumia hata kimoja.

Telegramu ilikuja mwisho wa Juni. Mlikuwa shambani kwenye majani, wewe na yeye, na mama wa posta akaja kwa miguu akipita katikati ya mistari, ameishika mbele yake kwa mikono miwili. Mzee aliisoma, akaitia kwenye mfuko wa kifuani, akatazama juu.

"Geuza ya upande ule," alikuambia. "Mvua inakuja."

Mlifanya kazi mpaka shamba likaisha. Ulituambia hujawahi kuona mtu akigeuza majani kwa uangalifu namna ile.

Oktoba kikaja kisanduku. Jeshi lilikuwa limerudisha vitu vya marehemu Arvid, na mtu wa posta akakukabidhi wewe kwa sababu mzee alikuwa amekwenda kusaga nafaka. Kilikuwa chepesi. Ulikitikisa, ukasikia karatasi, ukajua ni barua, na ukajua mzee atazisoma zote, moja baada ya nyingine, hadi ile ya Aprili. Kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa kamba tu. Kisu kilikuwa mfukoni mwako. Ungeweza kuitoa moja, na hakuna mtu duniani angejua. Ulisema ulikaa nacho kwenye ngazi za zizi kwa muda wa kukamua ng'ombe sita.

Gari la mzee likaingia uani. Ulisimama, ukakishika kisanduku kwa nguvu.

"Mzee, kabla hujafungua nina neno. Barua ya Aprili. Sentensi ya mwisho sikuiandika."

"Sentensi ipi?" akauliza, lakini uso wake ulishabadilika.

"Uliyosema unajivunia. Niliandika kwamba tunamwombea."

"Kwa nini?"

"Niliona nitakuwa nimebariki vita kwa mkono wangu."

Akautazama mkono wako, kisha akautazama wake.

"Siku ile mkono huo ulikuwa wangu," akasema. "Wako ulikuwa wa kukamua."

Akachukua kisanduku akaingia ndani. Siku kumi na moja hakukusemesha. Chakula chako alikiweka kwenye ngazi za zizi, kikiwa kimefunikwa vizuri, na hicho kifuniko kilikuchoma kuliko matusi yote ya kijijini. Uliandaa sanduku lako ukingoja akufukuze. Hakukufukuza. Siku ya kumi na mbili, alasiri, aliita kutoka mlango wa jikoni.

Barua zako zote zilikuwa mezani, zimepangwa kwa tarehe. Mbele ya kiti chako kulikuwa na karatasi tupu na kalamu.

"Keti. Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Unajua."

Ulituambia hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu dhamiri yako haikuwa imebadilika. Vita vilikuwa bado ni vita. Lakini uliandika. Uliandika, "Najivunia wewe, mwanangu," na ulipotaka kuendelea na yale mengine, mzee akauweka ule mkono wake wa gumba juu ya karatasi.

"Hapo pametosha," akasema. "Soma."

Ukasoma kwa sauti, katika nyumba ile ya watu wawili. Mzee alisikiliza hadi mwisho, ingawa mwisho ulikuwa karibu sana. Akaikunja karatasi kwa mkono mmoja, akaichomeka kati ya barua ya Aprili na ya Mei, akafunga kisanduku.

"Ng'ombe hawajakamuliwa," akasema.

Hakusema amekusamehe, nawe hukuuliza. Ulikaa naye hadi serikali ilipokuachia mwaka 1946, ukarudi Pennsylvania, ukamuoa Verna, ukatupata sisi. Na kwa kuwa ndiyo yako ilikuwa ndiyo, hukuweza kusimama kanisani ukasema una amani na watu wote, wakati alikuwapo mmoja ambaye hukujua kama amekusamehe. Ndiyo maana ukawa unakwenda kukata majani yake. Ulidhani siku moja atalisema.

Machi 1961 ilifika bahasha ambayo anwani yake ilipanda na kushuka kama iliyoandikwa na mtoto wa darasa la kwanza. Uliisomea zizini. Mama alikukuta umeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, unacheka na machozi yanakutoka, akadhani umepigwa teke na ng'ombe. Barua hiyo bado tunayo. Inasema hivi:

"Enos. Nimejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, imenichukua majira mawili ya baridi. Hii sikutaka iandikwe na mtu mwingine. Nilikusamehe kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Sikukuambia. Niliona nikikuambia hutakuja tena kwenye majani, na nyumba hii ina ukimya mwingi. Kwa hiyo na mimi niliacha sentensi, na nimeiacha miaka kumi na sita. Nisamehe. Njoo Juni hata hivyo. Halvor."

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa maridhiano, zamu yako ilifika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu sikupenda kuona watu wakitazamana. Ukasema, "Nina amani na Mungu na watu wote, na ninatamani kushiriki." Sauti haikutetemeka. Ya Mama ndiyo ilitetemeka, upande wa wanawake, zamu yake ilipokuja. Jumapili iliyofuata Askofu Landis alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele yako yeye mwenyewe, akaosha miguu yako iliyopasuka kwa baridi ya zizi.

"Wisconsin imesogea, Enos?" alikuuliza kwa sauti ya chini.

"Imesogea, mzee."

Jioni hiyo ndipo ulipotusimulia. Juni ulipanda basi kama kawaida, na Juni nyingine tano baada ya hiyo, hadi mzee Halvor alipofariki. Ulikwenda kumzika, na siku hiyohiyo, ukiwa na suruali yako ya kanisani, ulikamua ng'ombe wake.

Sasa, Baba, tufike tulikokuwa tunaogopa kufika.

Alasiri ile ya mwisho ulikuwa kwenye kitanda cha chumba cha chini, dirisha wazi ili usikie harufu ya shamba. Nevin alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alituambia mimi na Lois, jikoni, kwamba kuna neno anataka kukuambia hata kama halisemwi kwetu, na sisi tukamwambia akuambie kwa niaba yetu sote. Akaketi, akaushika mkono wako, mkono uleule. Mdomo wake ukafunguka. Na yeye, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, aliyetusikia tukimtuma, akaona haya.

"Baba," akasema, "tunakuombea kila siku."

Ulifumbua macho. Ulimtazama muda, na pembe ya mdomo wako ikasogea kidogo.

"Soma kwanza," ukasema.

Tulidhani homa imekupeleka mbali. Wewe hukusema tena, na ilipofika saa kumi ukaondoka. Ni Mama aliyetufungua macho, wakati Nevin ameshakwenda kugeuza majani. Alisema, "Baba yenu hakuwa anaweweseka. Amesikia mlichokiacha." Nevin aliporudi tukamweleza, naye akaketi mlangoni na viatu vyake vya matope, asiingie wala asitoke. Mwaka mzima huu, kila akikaa nasi, hulirudia: nilikuwa nalo mdomoni.

Basi tunaliandika, mbele ya kanisa zima, na atakayetuita kwenye mkutano kwa ajili ya kiburi atuite, tutasimama. Hatukupunguza chochote.

Tunajivunia wewe, Baba, na kazi uliyoifanya huko.

Tunaokukumbuka ni mkeo Verna. Wanao Lois, Erma na Nevin. Wakwe zako Marlin, Clair na Dorcas. Wajukuu wako tisa, na yule wa kumi aliyezaliwa Februari na kupewa jina lako. Na Ragna Brekkestad, mpwa wa mzee Halvor, anayekamua katika zizi lilelile na ambaye bado ana kisanduku kile juu ya kabati, na karatasi yako ndani yake.

Haya yamesomwa kwa sauti hapa mezani kabla ya bahasha kufungwa, mara mbili. Mara ya pili aliyesoma ni Nevin.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.